Mashavu ya Tarishi

Mtu akiniambia nimekonda, namkasirikia. Wajukuu zangu wanalijua hilo, wageni hawalijui. Mgeni akinishika mkono na kusema, "Mzee, mbona mashavu yameingia hivi, unaumwa?", basi mazungumzo yetu huishia hapo na chai yake hupoa kikombeni. Watu wanadhani ni kiburi cha uzee. Si kiburi, ni aibu, na nimeibeba kwa muda mrefu kuliko nilivyobeba mkoba wa barua, na mkoba huo niliubeba mpaka bega likaota sugu.

Nilikuwa tarishi wa boma la Mdachi wakati wa vita vya Majimaji. Naliandika hili mapema lisije likanishinda mbele. Barua zilitoka Mohoro mikononi mwangu. Nilivuka mto kwa mtumbwi, nikapita Umwe, nikalala Kibiti, na kesho yake nikateremka kwa njia ya Ruaruke mpaka Nyamisati, ambako chombo kilizipokea. Kisha nilirudi na zile zilizokuja. Matope ya bondeni yanayofika magotini, jua la mchana, mvua za masika, vyote nilivipita mbio. Akida aliyenichagua alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso, akasema huyu atafaa. Nilijisikia kama nimesifiwa mbele ya mkwe.

Nitasema pia kwa nini nilikubali, maana watu wa siku hizi wakihadithia vita vile kila mmoja baba yake alikuwa shujaa. Nilikubali kwa sababu ya wali. Tarishi alipewa kibaba cha mchele kwa siku, na siku ya safari alipikiwa kabisa, akala akashiba, na mwingine akafungiwa kwenye jani la mgomba. Mwaka ule wa pili wa vita, maghala yalikuwa yamechomwa, mashamba yamekaa bila mtu wa kuyalinda, na nguruwe walilima kuliko sisi. Mtu aliyekuwa na kibaba cha mchele alikuwa sultani.

Lakini wali ule haukuonekana usoni kwangu. Kadiri nilivyokula ndivyo nilivyokonda, kwa sababu ya njia. Mapaja yalikuwa magumu kama mchi, kifua kilikuwa kizima, pumzi haikunipungukia, ila uso ulibaki ngozi na mfupa. Mpishi wa Kibiti alikuwa akinitania kila nikinyoosha bakuli: "Wali wako wewe unaingia tumboni, unashukia miguuni. Usoni haupiti." Siku moja pale Nyamisati nilijitazama kwenye kioo cha mkono dukani. Macho yalikuwa yameingia ndani, mashavu yamebonyea, taya limetokeza. Nilikuwa nimekonda kama ng'onda. Nilicheka, nikamrudishia mwenye duka kioo chake, na kwa kweli nilijipenda. Nilikuwa kijana, na uso ule ulikuwa cheti cha mbio zangu.

Sasa nimtaje dada yangu. Tulizaliwa wawili, yeye akitangulia, na mama alipokufa ndiye aliyenilea. Aliolewa vilimani, kwa Wamatumbi, na mumewe alikuwa mmoja wa wale walioipokea dawa, yale maji waliyoambiwa kwamba yatageuza risasi za Mdachi kuwa maji. Shemeji alikwenda na wenzake wala hakurudi. Kijiji chao kikachomwa, pamoja na mtama uliokuwa ghalani. Dada akamfunga mwanawe mgongoni, binti wa miaka mitano hivi, akateremka nchi ya kwetu, akajenga kibanda Ruaruke kwenye shamba la marehemu mama, mbali kidogo na njia kuu, karibu na kijito.

Hakujua kwamba mimi ni tarishi. Alidhani nimeishi msituni miezi yote ile, nikizikimbia pande zote mbili za vita kama walivyofanya wengi. Nami nilimwacha adhani hivyo. Ningemwambiaje? Boma lile lile lililomfanya mjane ndilo lililonilisha. Nilikuwa nikimtembelea mara moja moja nikipita, na kila nikifika mwisho wa uwanja wake nilivua ile kofia niliyopewa, nikaificha pamoja na mkoba ndani ya kichaka cha mikindu. Kisha nilitokeza mikono mitupu, nikapiga hodi.

Siku ninayoisema nilifika kabla ya adhuhuri. Asubuhi hiyo, Kibiti, nilikuwa nimekula wali na papa mkavu mpaka nikafungua mshipi. Ndani ya mkoba nilikuwa na fungu jingine la wali, bado lina uvuguvugu. Nikaficha mkoba, nikapiga hodi.

Dada alikuwa amekaa mlangoni na mwanawe. Alinyanyua uso kunitazama, na jambo la kwanza lililonijia moyoni lilikuwa: mbona wamenenepa? Uso wa dada ulikuwa wa duara, mashavu yamejaa. Mtoto naye vivyo hivyo, mashavu mfano wa andazi, kope nzito. Nilifurahi. Nilijiambia, alhamdulillahi, hawa wamepata riziki mahali.

Huo ulikuwa uongo, na mwongo alikuwa mimi. Nilijua ule ni unene gani. Pale Umwe nilikwishaona watu walioanza kuvimba nyayo, kisha nyuso, na safari ya pili nikipita nilionyeshwa makaburi yao. Njaa ikizidi sana haikondeshi tena, huvimbisha. Kila mtu wa bondeni alilijua hilo mwaka ule. Lakini niliona mashavu yaliyojaa nikaamua yamejaa chakula, kwa kuwa kuamua hivyo kulinirahisishia siku.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu," akasema, akasimama kwa kushika mwimo wa mlango. Akaja, akanishika mashavu kwa mikono miwili kama alivyokuwa akinifanyia utotoni akinipima homa. Machozi yakamtoka. "Yarabi! Wee umekuwa hivi? Huko msituni hamna hata mizizi?"

"Nipo, dada. Mzima."

"Mzima gani, nakuona mie? Mtu mzima ana uso wa maiti? Kaa hapo. Ntakupa ndiga, leo zimeiva."

Wasioijua ndiga niwaeleze. Ni kiazi cha porini, kinachotambaa mitini, na kina sumu. Ukikila hivi hivi kinakulevya, unatetemeka, unapoteza maneno, na mtoto mdogo huenda asiamke. Kwa hiyo humenywa, hukatwa vipande vyembamba, hutiwa kwenye pakacha na pakacha hufungwa kwenye maji yanayokwenda. Siku tatu kamili. Wenye kuku walikuwa wakimrushia kuku kipande kwanza, lakini mwaka ule kuku waliliwa zamani. Kilichobaki kulinda watu ni kuhesabu siku tu. Dada alikuwa na mapakacha mawili kijitoni. La kwanza lilikuwa limetoka asubuhi hiyo, limemaliza siku zake. La pili lilikuwa limetiwa maji jana yake. Alinieleza hayo mwenyewe akiwa anapakua, kama mtu anayeonyesha mazao yake, akaongeza kwamba lile la kwanza wangelila kidogo kidogo mpaka la pili liive.

Akaniwekea chano mbele. Nikasema, "Nimekula, dada."

Hapa ndipo nilipojificha miaka yote iliyofuata. Nilimwambia! Nimejitetea kwa neno hilo kitandani, njiani, msikitini. Nilimwambia kweli tupu kwa kinywa changu, asiposadiki nifanyeje? Lakini kwetu hakuna mgeni asiyesema "nimekula". Mgeni akikaribishwa husema ameshiba, mwenyeji humlazimisha, mgeni hukataa tena, mwisho hunawa. Ni adabu, na mwenyeji anayeisadiki ni bahili. Mimi niliifunga kweli yangu ndani ya adabu nikijua haitafunguliwa.

Na kweli dada alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Umekula nini, upepo? Uso wako wenyewe unakukana. Nawa."

Mtoto alikuwa akinitazama. Alikuwa na namna ya kutazama bila kupepesa. Akamuuliza mama yake, "Mjomba ana njaa kuliko sisi?"

"Kuliko sisi, mwanangu. Mtazame uso."

Mtoto akanitazama tena. Mkononi alikuwa na kipande chake, ameshakimega ncha. Akakisogeza taratibu juu ya chano mpaka upande wangu, kisha akaficha mikono nyuma ili mikono yenyewe isije ikaghairi.

Wazee husema uso umeumbwa na haya, mtu akikutazama usoni huwezi kumnyima. Dada yangu alinitazama usoni, na haya zake zikanipa chakula cha mwanawe. Kwangu mimi haya zilifanya kazi nyingine. Kusema "Dada, nimeshiba kweli" kungeleta swali: umeshiba wapi? Na jibu la swali hilo lilikuwa kichakani, limefungwa kwa jani la mgomba. Nilikuwa na hatua thelathini tu. Ningekwenda, ningechukua lile fungu, ningeliweka mbele ya yule mtoto, na dada angenitemea mate na kunifukuza, na wangekula. Nililifikiria hilo. Nalisema wazi: nililifikiria hasa, nikapima kati ya dada kunichukia na dada kuwa na njaa, nikachagua.

Nikanawa, nikala. Ndiga haina ladha, na mtu aliyeshiba huimeza kwa shida. Nilimeza. Kila nilipotaka kuacha, dada alisukuma kingine mbele. Nikala na kile chenye ncha iliyomegwa.

Nilipoaga alinisindikiza mpaka nusu ya uwanja, akarudi kwa kuwa miguu ilimlemea. Nilingoja aingie ndani ndipo nikachukua mkoba. Mbele kidogo, kwenye njia ya Nyamisati, nikakumbuka kwamba wali ukilala na jua lile utachacha. Kwa hiyo nikakaa pembeni ya njia nikaula. Sikuwa na njaa hata chembe. Niliula kwa sababu ulikuwepo. Hata kulirudisha lile fungu na kulitundika mlangoni kwake bila kuonekana, ili adhani ni sadaka ya mpita njia, sikukumbuka mpaka nimekwisha kuramba jani.

Pale Nyamisati chombo kilichelewa. Nilikaa siku tatu nikiwatazama wapakiaji wa magogo ya mikoko wakigombana, nikila, nikilala. Siku ya nne nilirudi. Nilipofika kwa dada nikaficha mkoba kama kawaida. Uwanjani palikuwa na wanawake wawili wa jirani wamekaa chini, na kando ya kibanda palikuwa na udongo mpya, umefanywa tuta fupi.

Dada hakulia alipoona nimekuja. Alinipangusia mahali nikae, akanieleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza mchuzi ulivyoungua. Baada ya mimi kuondoka hapakubaki kitu cha kutosha. Usiku ule mtoto alilala, kesho yake alilia tangu alfajiri, hana hata nguvu ya kulia vizuri. Dada akaenda kijitoni. Pakacha la pili lilikuwa na siku mbili. Akasema moyoni, siku mbili na tatu zina tofauti gani, maji yanakwenda kasi. Akachemsha maji mengi, akamwaga, akachemsha tena. Yeye mwenyewe alionja kidogo asidhurike. Mtoto alikula kwa pupa. Alasiri akawa anacheka peke yake, hasemi maneno kamili, kisha akatetemeka.

"Nilizitoa mapema, mdogo wangu," akasema. "Ni mkono wangu huu."

Nikafunika uso kwa mikono. Yeye akadhani namlilia mtoto tu. Akanivuta kichwa, akanishika tena yale mashavu.

"Usijilaumu kwa kile ulichokula. Nakukataza. Siku ile ningekuacha uende na uso ule, ningezika wawili. Mungu kachukua mmoja, kaniachia mmoja."

Wale wanawake wawili wakaitikia, "Kweli." Nami nikakaa pale, nimeshiba, nikipokea pole.

Kwetu mjomba si mtu wa kupita tu. Mtoto wa dada ni wa mjomba kabla hajawa wa mtu mwingine. Mjomba ndiye angepaswa kumwoza. Nilikaa siku moja matangani, nikasingizia jambo, nikaondoka na barua.

Vita vilikwisha, mvua zikarudi, watu wakapanda mpunga bondeni wakajenga madungu ya kulindia ndege kama zamani. Dada aliolewa tena, akazaa wengine, akapata wajukuu. Mimi niliacha utarishi, nikahamia Kibiti, nikalima, nikaoa, na usoni nikajaa kama mtu yeyote anayekaa mahali pamoja. Dada hakusahau. Kwa kila mgeni alinitambulisha namna moja: "Huyu nilimtoa kaburini. Mungemwona uso wake!" Harusini, matangani, Idi. Chano kikija aliniwekea mimi kwanza, na nyama nzuri upande wangu, mbele ya waume na wazee. Watu walimsifu. Nilikula kila mara. Nilijiambia kwamba kumwambia sasa ni kumwulia mwanawe mara ya pili, na kwamba siri ile ninaitunza kwa ajili yake. Mtu hakosi sababu nzuri akizitafuta kwa miaka arobaini.

Mwaka jana meno yaliniisha, na uso wangu wa zamani ukarudi. Nilijiona ndani ya kioo cha kinyozi, taya lile lile, mabonde yale yale. Ndipo nikajua sitaweza kwenda mbele yake tena na uso huo na kukaa kimya. Nikaazimia kumwambia. Kwa wasiwasi, tangu jana yake mchana sikuweza kula, nikaondoka Kibiti alfajiri bila hata chai, sehemu kwa gari la mizigo, sehemu kwa miguu.

Dada amezeeka sana, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alinijua kwa hodi. Akanivuta, akanipapasa uso, na vidole vikasimama.

"Ati mmemwona huyu?" akasema kwa sauti. "Yale yale mashavu! Leteni chakula, ndugu yangu hajala!" Mjukuu wake, binti mkubwa, akakimbilia jikoni.

"Nimekula, dada," nikasema.

Akacheka. "Siku ile pia ulisema hivyo hivyo."

"Siku ile pia nilikuwa nimekula."

Mikono yake ilikuwa bado mashavuni kwangu. "Umekula nini?"

"Wali."

"Mwaka ule? Wali wa nani?"

"Wa boma. Nilikuwa tarishi wao, dada. Nilikuwa nimeshiba, na mwingine nilikuwa nao kwenye mkoba. Niliuficha kwenye mikindu, pale mwisho wa uwanja wako."

Hakuondoa mikono. Alinipapasa upya, mfupa, taya, chini ya macho, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha humo. Mwisho akaishusha akaipangusa kwenye kanga yake.

"Na mwanangu alipokusogezea kile kipande chake?"

"Nilikila."

Mjukuu akaja na sahani. Ulikuwa wali mpya na samaki wa kukaanga, harufu yake ilifika kabla yake, na tumbo langu likanguruma hata yeye akatabasamu. Dada aligeuza uso kuelekea sauti ya nyayo za binti.

"Rudisha," akasema. "Babu yako kashiba."

Ilikuwa mara ya kwanza kunisadiki, na tangu jana yake mchana sikuwa nimetia kitu kinywani.